Jino Lililochemshwa

Nilijulishwa kwamba mimi si mtoto wa baba yangu nikiwa kazini, nikitafuta mahali pa kuweka picha yake.

Mimi ni mpiga chapa. Nina chumba kimoja River Road, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na mabomba, na kazi inayonilisha zaidi ni vijitabu vya mazishi na vya kumbukumbu. Watu hufa wiki nzima na kuzikwa Jumamosi, kwa hivyo siku ya Alhamisi kwangu hakukaliki. Nimepanga maisha ya watu wengi sana katika kurasa nane: picha, ratiba, wasifu, nyimbo, shukrani. Basi mdogo wake baba, anayeishi Loresho, mtaa wa wenye pesa, aliponitumia kwa simu maandishi ya kijitabu cha kumbukumbu ya baba, nilifurahi. Baba alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini, na hatimaye ukoo ulikuwa umekubaliana kulijengea kaburi lake kwa saruji na vigae kule kwetu magharibi, ibada ifanywe, watu wale, mambo yaishe.

Nikaanza kupanga. Nilipofika kwenye wasifu nikasoma: "Marehemu alijaliwa watoto watatu." Wakafuata dada zangu wawili na mdogo wangu wa kiume. Chini yao, kwenye mstari wa peke yake, kukaandikwa: "Vilevile alimlea," halafu jina langu.

Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Nilisoma mara tatu. Makosa ya uchapaji nayajua, ndiyo ninayohangaika nayo kutwa, na hilo halikuwa kosa la uchapaji. Mtu mzima alikuwa amekaa kitako, kikombe cha chai mkononi, akalichagua neno "vilevile". Damu ilinichemka hadi nikasikia masikio yanavuma, na mteja aliyekuwa akingoja kadi za harusi akaniuliza kama niko sawa.

Nikampigia baba mdogo papo hapo.

"Baba, habari ya asubuhi. Hii kitu umeniandikia hapa ni nini?"

"Hiyo ni ukweli tu, kijana," alisema, sauti yake tulivu kama anayesoma matangazo ya kanisa. "Wazee tulikaa tukasema kaburi haiwezi andikwa uongo. Mama yako alikuja kwa boma na mimba ya miezi nne. Ndugu yangu alikuwa mtu wa huruma, akanyamaza."

"Mimba ya nani?"

"Si hiyo ndiyo swali? Lakini siku hizi kuna DNA. Lete DNA, tutaandika vile unataka."

Akakata simu. Alijua vizuri anachokifanya. Anayedaiwa mtoto yuko chini ya udongo, na mimi naambiwa nilete ushahidi wa mwili wake.

Niseme jambo moja mapema, kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza. Ndiyo, kuna shamba. Ni kipande ambacho mbuzi wawili wasiopatana hawawezi kulishia pamoja, na mdogo wangu alishapanda miti humo zamani, nami nikampa mkono wa heri. Kilichoniuma si shamba. Siku ya kaburi, wasifu husomwa kwa kipaza sauti. Mama, mwenye miaka sabini, aliyeongoza kina mama wa kanisa kwa muda mrefu kuliko mchungaji yeyote aliyepita pale, angekuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa chake kichwani, akisikiliza kijiji chote kikiambiwa kwamba aliingia kwa mumewe na mtoto wa mtu mwingine. Angefanya nini? Angeinuka aende wapi?

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa mama Riruta, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga karibu na Naivasha Road alikotulea na anakoishi mpaka leo. Nikamwonyesha maandishi kwenye simu. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Huyo alikuwa anasema hivyo hata nikiwa msichana," alisema. "Alihesabu miezi kwa vidole. Hakuhesabu ile miezi ndugu yake alikuwa anakuja kwetu akijifanya ananunua kuku."

"Mama, nitaenda kupima. Nimnyamazishe kabisa."

"Achana na yeye. Mimi najua, na baba yako alijua."

Sikuachana naye. Nilikuwa nimeshapandwa na mori.

Maabara yenyewe iko katikati ya jiji, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Nilipokelewa na mwanamke kijana mwenye koti jeupe na subira nyingi. Nikamweleza kwamba baba yangu amezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita, nikamuuliza DNA hukaa muda gani kwa mtu aliyekufa.

"Inategemea amelala wapi," alisema.

Akanieleza polepole, akichora kwenye karatasi. DNA ni kama uzi mrefu, na mtu akishafariki uzi ule huanza kukatikakatika vipande. Joto hukata, maji hukata, vijidudu vya udongoni hula. Penye baridi, ukavu na giza, kazi ya kukata huenda taratibu sana. Ndiyo maana, alisema, wataalamu wamesoma DNA ya wanyama wa jamii ya tembo waliofia kwenye nchi za barafu zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, wakajua nani alikuwa ndugu ya nani.

"Milioni?"

"Zaidi ya milioni."

"Na huku kwetu? Udongo mwekundu, mvua kila alasiri?"

Akakunja uso kwa huruma. Udongo wa namna ile huwa na uchachu, alisema, na unyevu na joto haviishi. Mfupa unaweza kuonekana mzima, lakini ndani yake usipate kitu cha kusomeka. Unaweza pia kupata. Hakuna mtu atakayekuahidi, na kufukua kaburi ni lazima mahakama iruhusu.

Nilishuka zile ngazi nikiwa nimefura. Fikiria jambo hilo. Tembo aliyekufa kabla binadamu hajajua kuvaa suruali ana jamaa zake, wamejulikana, wameandikwa. Baba yangu, aliyenifunga kamba za viatu, aliyenifundisha kupanga herufi za chuma moja moja kwenye mashine ya zamani mpaka vidole vikawa vyeusi, miaka kumi na mmoja tu na tayari hana uwezo wa kusema huyu ni wangu. Na wa kulaumiwa ni udongo wetu wenyewe, ule tunaong'ang'ania kurudishwa humo tukiwa kwenye jeneza.

Nilikuwa kwenye ngazi ya mwisho nilipokumbuka jino.

Mwaka wake wa mwisho baba aling'olewa gego. Alikataa katakata kuliacha pale kliniki. Kwao kiungo cha mtu hakiachwi mikononi mwa wageni, huzikwa naye, kwa hivyo alilifunga kwenye kitambaa akaja nalo nyumbani, na mama akalitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Baba alipofariki, kwa zile purukushani za msiba, kila mtu alisahau mkebe. Mama alijilaumu miaka yote hiyo kwamba mumewe amelala huko akiwa amepungukiwa na jino moja. Nikapanda ngazi tena mbio, ghorofa zote nne, nikamwambia yule mwanamke. Macho yakamng'aa. Jino ndilo bora kabisa, alisema, kwa sababu ganda lake gumu huilinda DNA iliyo ndani, na kama limekaa pakavu kabatini tuna bahati kubwa.

Nikampigia mama nikiwa bado nahema. "Mama, lile jino la baba liko?"

"Liko."

"Kesho asubuhi nakuja kulichukua. Linaenda kupimwa."

"Sawa," alisema. "Nitalitayarisha."

Neno hilo lilinipita. Nilidhani anamaanisha atalishusha kutoka juu ya kabati.

Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, na mbele yake juu ya stuli kuna kisahani cha kaure, kile cha wageni, na juu ya kisahani kuna jino jeupe pe. Sijawahi kuona jino jeupe namna ile hata kwenye matangazo ya dawa ya meno.

"Nimelichemsha," alisema, na alikuwa amejawa na fahari. "Sufuria ndogo, tangu adhana mpaka jua likatoka. Halafu nikaliloweka kwa jiki ya kutoa madoa, nikalisugua na mswaki mpya, nikalianika kwa mabati. Lilikuwa na damu imekaukia huko ndani, aibu tupu. Unajua kwetu kitu cha marehemu hakitoki kwa nyumba bila kuoshwa. Na hawa ni wageni, wasomi. Siwezi tuma baba yako kwa watu akiwa mchafu."

Niliketi chini kwenye kizingiti. Nilitaka kupiga mayowe, lakini nani angestahili mayowe yale? Mwanamke aliyeamka na giza kumwogesha mumewe kwa mara ya mwisho? Nilimwambia asante. Nikalifunga jino kwenye leso yangu nikalipeleka mjini, na yule wa maabara alipolifungua hakuuliza maswali mengi.

"Limeoshwa?"

"Limechemshwa. Na jiki."

Aliligeuza chini ya taa. Akasema atajaribu, na alijaribu kweli, sina lawama naye. Baada ya siku kadhaa akaniita akaniambia hakuna kitu. Kile kilichokuwa kimestahimili miaka kumi na mmoja kabatini kilikuwa kimemalizwa na usafi wa asubuhi moja.

"Lakini kwa nini unasumbua marehemu?" aliniuliza. "Huyo mzee analeta shida, si ni ndugu ya baba? Baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Basi ni yeye unahitaji. Kuna sehemu ya DNA inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na kwa mtoto wake wa kiume, karibu bila kubadilika. Babu yako aliwapatia wote wawili. Kama wewe ni wa huo mstari, nitaiona kwa mate yake. Kijiti cha pamba, ndani ya shavu, dakika moja. Lakini lazima akubali na aweke sahihi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata makao ya kudumu. Mdogo wangu wa kiume naye angefaa, lakini mzee angesema tumekula njama; ushahidi asioweza kuukana ulikuwa umekaa Loresho, hai, unakunywa chai! Mtu anayetaka DNA amebeba DNA hiyo mdomoni, mdomo ule ule anaomtukania mama yangu, na sisi tunahangaika na makaburi na mikebe ya majani ya chai.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kamati ya kumbukumbu nyumbani kwake. Sisi watu wa huku tukitaka kufanya jambo huunda kamati kwanza: mwenyekiti, katibu, mlezi, na kundi la simu lenye watu wanaotuma picha za maua. Nyumba yake ina ua wa michongoma uliokatwa sawasawa na mbwa wawili ambao hawajawahi kunizoea. Sebuleni walikuwepo wazee watano, mke wake, na shangazi yangu, dada yao mkubwa, aliyekuwa amekuja kutoka kule kwetu kwa ajili ya maandalizi. Mama hakuja. Alisema ana kikao cha kina mama.

Nilingoja mpaka maombi yakaisha. Nikaweka kijisanduku cha maabara mezani, katikati ya chapati, nikaeleza. Nikasema, "Baba mdogo, uliniambia nilete DNA. Imekuja. Imebaki wewe kufungua mdomo."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka.

"Kijana, mate ya mzee si kitu ya kuweka kwa chupa. Kwetu mate ni baraka. Na ni laana pia. Nikikupatia mate yangu upeleke maabara huko tao, nitajuaje inafanyiwa nini?"

Huyu ni mzee wa kanisa. Huyu ndiye aliyesimama madhabahuni kuwakemea watu wanaoogopa uchawi. Kabla sijamkumbusha hayo, wazee wengine wakaanza kukohoa na kusema tuangalie ajenda ya hema na viti.

Shangazi ndiye aliyeinuka. Ni mfupi, anatembea akishika kiuno, na yeye ndiye aliyembeba baba mdogo mgongoni mama yao alipokuwa shambani.

"Mwezi uliopita walikutoa damu chupa tatu ya kupima sukari," alisema. "Uliuliza inaenda wapi?"

"Dada, hiyo ni hospitali."

"Ulimwambia mtoto wa watu alete DNA ukijua hataweza. Mimi ndio nilipokea mama yake kwa mlango. Marehemu alikuwa anatetemeka kwa furaha mpaka akamwaga uji. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unahesabu miezi." Akakifungua kijisanduku mwenyewe, akatoa kijiti. "Fungua mdomo."

"Dada..."

"Fungua."

Akafungua. Mzee wa miaka sitini na miwili, kwenye kochi lake mwenyewe, mbele ya kamati yake. Akaweka sahihi pia, na nikaondoka na bahasha kifuani kabla hajapata wazo jingine.

Majibu yalitoka. Yule mwanamke wa maabara alinisomea mwenyewe: mimi na baba mdogo ni wa mstari mmoja wa kiume. Akaongeza kwamba, kwa uaminifu, kipimo hicho hakiwezi kutofautisha ndugu na ndugu. Kinasema tu kwamba nimetoka kwa wanaume wa nyumba ile. Nikamwambia inatosha sana.

Nilipopeleka karatasi Loresho, mke wa baba mdogo aliichukua kwanza. Ni mwalimu mstaafu, husoma kila kitu mpaka maandishi madogo ya chini. Aliposoma sehemu ya ndugu na ndugu, akashusha miwani puani akamgeukia mumewe.

"Kwa hivyo baba ni mmoja kati yenu wawili."

Sijapata kumwona mtu akibadili msimamo kwa kasi ile. Baba mdogo aliruka kutoka kwenye kochi. "Ni ya ndugu yangu! Hiyo kila mtu anajua! Hata ukiangalia paji la uso! Mimi wakati huo nilikuwa shule ya boarding!" Yeye mwenyewe, mbele yangu, akaniimlia maandishi mapya: "Marehemu alijaliwa watoto wanne," na jina langu kwanza. Aliongeza hata "kifungua mimba wake mpendwa". Hilo la mpendwa nililifuta. Nikarudi River Road nikiwa mshindi, nikachapa nakala ya kwanza kwa karatasi nzito ya kung'aa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Nikampelekea mama jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Akajipangusa mikono, akapokea kijitabu, akasoma ukurasa wa wasifu, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akaona karatasi ya maabara niliyokuwa nimeikunja ndani, akaifungua, akaisoma pia, muda mrefu.

"Na hii ilitoka lini?"

"Juzi."

"Na kabla ya juzi, wewe ulikuwa unajua nini?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. "Nilikuwa najua vile uliniambia, Mama. Nilitaka tu kumfunga yule mzee mdomo."

"Kama ungeambiwa hapana, ungeamini nani?"

Nilitaka kusema, wewe. Ni neno fupi sana. Lakini zile siku za kungoja majibu nilikuwa nimefungia mlango wa chumba changu cha kazi, nikaweka uso wa baba na uso wangu kwenye kompyuta, bega kwa bega, nikavuta mistari kutoka pua yake hadi pua yangu, sikio hadi sikio, nikipima. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Sikumwambia mtu yeyote, na hata pale sikumwambia. Nilichelewa tu kujibu, naye alikuwa ananitazama.

Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia.

"Miaka thelathini na mitatu tuliyoishi pamoja," alisema, akirudi kwenye maharagwe yake. "Baba yako hakuniuliza hata siku moja."